Tizanidine na cipro havikai pamoja: jibu kwa dereva aliyeanguka usiku akienda chooni

Swali lilikuja refu, nimelifupisha hivi:

"Habari dokta. Mimi ni dereva wa semi, miaka 46, natembea Dar mpaka Tunduma, mara nyingine napitiliza hadi Kasumbalesa. Mgongo ulinikaza ghafla nikiwa navuta turubai, nikashindwa hata kunyooka. Hospitali nikapewa diclofenac na dawa ya kulegeza misuli inaitwa tizanidine mg 2, asubuhi mchana na usiku. Natumia pia amlodipine ya presha. Siku ya tatu mkojo ukaanza kuchoma, nikaenda duka la dawa nikapewa cipro 500 asubuhi na jioni. Usiku wa juzi nikaamka kwenda chooni nikaona giza nikaanguka, asubuhi nikalala mpaka saa tano, mdomo mkavu balaa. Mke wangu anasema niache dawa zote. Dereva mwenzangu anasema hiyo tizanidine ni ya kitoto, yeye ana zake za carisoprodol na hazimlazi, atanigawia. Jumatatu napakia mzigo. Nifanyeje?"

Kaka pole sana. Kabla ya maelezo yoyote, tizanidine usimeze tena ukiwa bado uko kwenye cipro (ciprofloxacin, ile antibayotiki uliyopewa kwa ajili ya mkojo), hata kile cha leo usiku acha. Hizi dawa mbili hazitakiwi kukutana kabisa, na hapa sizungumzii kuwa mwangalifu au kukata kidonge nusu, karatasi inayokuja ndani ya boksi la tizanidine inakataza waziwazi na ciprofloxacin imetajwa kwa jina. Kwa hiyo usianze kujilaumu kwamba mwili wako dhaifu au ulikosea kumeza. Mg 2 mara tatu ni dozi ya kawaida tu, tena ya chini. Shida imeanza siku ile cipro ilipoingia.

Mke wako yuko sahihi nusu. Tizanidine acha leo, umeitumia siku chache kwa dozi ndogo hivyo kuiacha ghafla hakutakuletea shida. Amlodipine usiitupe, ila pima presha kwanza, hata famasi yoyote ya jirani wanapima. Ukikuta namba ya juu iko chini ya 100, au bado unayumba ukisimama, au mapigo ya moyo yamekuwa ya polepole, usimeze kidonge cha presha mpaka uonwe, na uonwe leo hiihii sio kesho. Cipro nayo nitaifikia huko chini kwa sababu hilo swala la mkojo lina habari yake peke yake na wala silipendi.

Sasa kilichotokea ni hiki. Tizanidine ukiimeza inapita kwenye ini kabla ya kusambaa, na ini linavunja sehemu kubwa ya kidonge palepale, kinachofika kwenye damu ni kiasi kidogo. Aliyetengeneza dozi ya mg 2 ameshapiga hesabu ya hiyo hasara. Kazi ya kuivunja inafanywa na enzaimu moja inaitwa CYP1A2, na cipro inaibana hiyo enzaimu. Kwa lugha ya barabarani, mizani ya Vigwaza imefungwa na magari yote yaliyozidisha yanapita. Watafiti wa Finland walilipima hili mwaka 2004 kwa watu wenye afya zao, wakakuta mtu aliyekuwa kwenye cipro anapata tizanidine mwilini karibu mara 10 ya kawaida. Mara kumi kaka. Yaani wewe ulimeza mg 2 lakini mwili wako ukaiona kama mg 20, na hiyo ya usiku ukaenda nayo kitandani.

Halafu tizanidine ni ndugu wa karibu wa clonidine, ambayo ni dawa ya kushusha presha, na yenyewe inashusha presha hata ikiwa peke yake. Wewe una amlodipine ndani inayofanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine. Unajumlisha, presha inakaa chini ukiwa umelala hujui kitu, ukisimama ghafla usiku wa manane damu haiwahi kupanda kichwani, giza, chini. Mdomo mkavu na usingizi mpaka saa tano ni hiyohiyo tizanidine iliyozidi. Umeshukuru Mungu kwamba ilikuwa chooni nyumbani na sio kwenye kona za Kitonga.

Na sio cipro peke yake, nitaje na nyingine maana watu wengine watasoma hapa. Fluvoxamine, dawa ya sonona, hiyo ni mbaya kuliko hata cipro, nayo imekatazwa kabisa. Zipo nyingine ambazo zinaongeza tizanidine mwilini kwa kiasi kidogo kuliko hizo mbili ila lazima anayekuandikia ajue unazitumia: cimetidine ya vidonda vya tumbo, verapamil na amiodarone za moyo, acyclovir ya mkanda wa jeshi, na vidonge vya uzazi wa mpango. Hapo kwenye uzazi wa mpango dada zangu wengi hawasemi wakiulizwa "unatumia dawa gani nyingine", kwa sababu mtu hahesabu kidonge cha majira kama dawa. Hesabu.

Turudi kwenye dawa yenyewe. Watu wengi wanadhani kidonge cha kulegeza misuli kinaenda moja kwa moja pale mgongoni kwenye ule msuli uliokaza kama kidole kinavyobonyeza. Hapana. Karibu zote tunazopewa kwa mgongo au shingo zinafanya kazi kwenye ubongo na uti wa mgongo, zinapunguza zile amri zinazouambia msuli ukaze, na wakati zinapunguza hizo zinapunguza na mengine: wepesi wa macho, wepesi wa kukanyaga breki, kumbukumbu, usawa wa mwili. Ukielewa hilo moja, masharti yake yote hayakupi shida tena. Ni dawa ya kichwa inayosaidia mgongo, kwa hiyo unaitendea kama unavyotendea dawa yoyote ya kichwa.

Swali la kuendesha. Jibu ni hapana, na najua unavyolisoma hapo, mzigo umeshapangwa, tajiri anapiga simu, ukikataa trip gari anapewa mwingine. Lakini angalia hesabu. Tizanidine ikiwa peke yake bila cipro inafika kileleni ndani ya saa moja mpaka mbili na nguvu yake inaisha baada ya masaa matatu mpaka sita hivi tangu umeze. Kwa dozi tatu kwa siku maana yake mchana mzima uko kwenye dawa ama unatoka kwenye dawa. Mtu wa ofisini anaweza kusinzia kwenye kiti akachekwa. Wewe una tani 30 nyuma. Na sheria ya barabarani haiangalii pombe tu, kuendesha ukiwa umelewa dawa nako ni kosa, hata kama dawa umeandikiwa na daktari mwenye mhuri wake.

Na kuna kitu madereva mnafanya nakijua, mtu anasema nitakunywa energy mbili na kahawa nitakuwa fiti, au anachana mirungi. Havifuti dawa. Unakuwa mtu aliyelewa usingizi na moyo unaenda mbio, macho yamefunguka lakini mkono unachelewa, na hiyo ni hatari zaidi kwa sababu wewe mwenyewe unajiona uko sawa. Tena ukiwa kwenye cipro kahawa nayo inakaa mwilini muda mrefu kuliko kawaida kwa sababu inavunjwa na enzaimu ileile niliyokwambia, ndo maana kuna watu wakinywa cipro na kahawa yao ya kila siku wanatetemeka mikono hawajui kwa nini.

Kama baadaye daktari ataona bado unahitaji dawa ya kulegeza misuli, baada ya cipro kuisha na kupita siku moja mbili, mwombe akuandikie ya usiku tu na uko nyumbani, sio njiani kwenye kibanda cha gari. Meza ukiwa umeshamaliza shughuli zote, umeshaoga umeshafunga mlango. Ukiamka usiku kaa kwanza pembeni ya kitanda dakika moja miguu ikiwa chini, ndio usimame. Na kama ulianza kuimeza na chakula endelea kuimeza na chakula, ulianza bila chakula endelea hivohivo, maana chakula kinabadilisha namna inavyoingia mwilini na ukichanganya leo hivi kesho vile utapata siku imekulewesha na siku haijafanya kitu. Siku ya kwanza ya dawa hii, kwa mtu yeyote, ipangie nyumbani usipange kazi, kwa sababu hujui mwili wako utaipokeaje, kuna mtu mg 2 haimgusi na kuna mtu inamlaza.

Vinywaji sasa. Bia, Konyagi, gongo, vyote vinafanya kazi palepale dawa inapofanya. Hakuna "moja tu". Mtu akichanganya sio tu analala sana, pumzi inaweza kupungua, na hii inakuwa mbaya zaidi akiwa na tramadol ndani, dawa kali ya maumivu, na tramadol naona inagawiwa mno kwa maumivu ya mgongo. Tramadol pamoja na dawa ya kulegeza misuli pamoja na pombe, huo mchanganyiko unaua watu usingizini, sitaki kuzunguka maneno. Zenye usingizi nyingine ambazo watu hawazifikirii ni Piriton, dawa za mafua zile zenye rangi, dawa za usingizi zenyewe, amitriptyline ambayo siku hizi wengi wanapewa kwa ganzi na maumivu ya mishipa. Kila unayoongeza inajumlisha.

Haya, carisoprodol ya rafiki yako. Hapa nitakaa kidogo.

Hiyo sio kali zaidi kwa mgongo, ni kali kwa kingine. Carisoprodol ikifika kwenye ini inageuzwa kuwa dutu inaitwa meprobamate, na meprobamate ni dawa ya zamani ya kutuliza wasiwasi iliyokuwa maarufu sana miaka ya 1950 kabla watu hawajagundua inavyowashika. Kwa hiyo anayemeza carisoprodol kila siku anameza na hiyo. Ulaya mamlaka yao ya dawa ilipendekeza iondolewe sokoni tangu 2007. Marekani bado ipo ila Januari 2012 iliwekwa kwenye kundi la dawa zinazodhibitiwa kwa sababu ya ulevi, na hata huko maelekezo yake ni wiki mbili mpaka tatu basi. Na Februari 2025 India ilipiga marufuku vidonge vilivyochanganya carisoprodol na tapentadol, dawa kali ya maumivu, kutengeneza na kusafirisha nje, baada ya BBC kuonyesha vinavyoingia Afrika Magharibi na vijana walivyoharibika navyo. Sasa jiulize hizo za rafiki yako zimetoka wapi na ndani kuna nini, maana kipakiti cha kununua mpakani hakina karatasi wala mtu wa kumuuliza.

Anaposema "hazimlazi" mimi sisikii kwamba dawa ni nzuri. Nasikia kwamba mwili wake umeshazizoea. Mtu aliyezizoea akizikosa siku mbili anakosa usingizi, anatetemeka, anatokwa jasho, wengine wanaona vitu ambavyo havipo na wengine wanapata degedege. Mwambie kwa upole asiziache ghafla akiwa njiani, aende hospitali aseme ukweli anatumia ngapi kwa siku, watampunguzia taratibu. Na usichukue hata kimoja. Dawa ya mtu mwingine umeandikiwa na nani? Aliyemwandikia hakujua una presha na wala hakujua una cipro.

Swali ambalo hukuuliza lakini ni la muhimu: je, dawa hizi zinasaidia kweli? Zinasaidia kidogo, kwa muda mfupi. Mwaka 2015 madaktari wa New York walichukua watu 323 waliokuja dharura na mgongo uliokaza ghafla, wote wakapewa naproxen, dawa ya maumivu ya kundi la diclofenac, kundi moja likaongezewa cyclobenzaprine, ambayo ni dawa ya kulegeza misuli, lingine likaongezewa kidonge kikali cha maumivu, na lingine kidonge kisicho na kitu. Baada ya wiki hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Mwaka 2021 ukatoka uchambuzi mkubwa kwenye jarida la BMJ uliokusanya majaribio 31, ukakuta dawa za aina hii zinapunguza maumivu kwa wastani wa pointi kama 8 kwenye kipimo cha 100 ndani ya wiki mbili za mwanzo, na wanaozimeza wanapata madhara zaidi. Pointi nane kwenye mia, hata mtu mwenyewe anaweza asijue kama imepungua. Sisemi hazina kazi, usiku mtu anashindwa kujigeuza kitandani kidonge kimoja kinaweza kumpa usingizi na hiyo peke yake ni dawa. Ila usiziendekeze mwezi mzima ukidhani zinatibu mgongo. Kwa mgongo uliokaza siku chache zinatosha, wiki mbili tatu ndio mwisho wa karibu zote, na ukiona umefika hapo bado unazitaka basi tatizo sio msuli, rudi kwa daktari.

Kinachoponya mgongo wa namna yako zaidi ni kutembea. Sio kulala siku tano. Tembea kidogo kidogo, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa dakika 15 hivi, badilisha mkao kila baada ya nusu saa, na hiyo waleti kwenye mfuko wa nyuma itoe unapokaa kwenye usukani, madereva wengi mnakalia waleti miaka na miaka nyonga moja iko juu. Turubai mvutane na tanboi, usivute peke yako ukiwa umejipinda.

Diclofenac nayo niiseme. Dawa za kundi hilo zinapandisha presha na kubana figo, na wewe una presha, halafu madereva wa masafa hamnywi maji ili msisimame kukojoa, sasa figo kavu na diclofenac ni mchanganyiko mbaya. Cipro na dawa za kundi la diclofenac zikiwa pamoja pia zinaongeza uwezekano wa degedege, sio kwa kila mtu ila ipo kwenye maelezo yake. Muulize daktari kama unaweza kubaki na paracetamol peke yake. Paracetamol mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya mg 500 kwa masaa 24, na asiyekula vizuri au mnywaji apungue hapo.

Na hapo kwenye paracetamol kuna mtego. Maduka yetu yamejaa vidonge vya kulegeza misuli vilivyochanganywa, unakuta chlorzoxazone na paracetamol kwenye kidonge kimoja, vingine wameongeza na diclofenac au ibuprofen humohumo. Mtu anapewa hicho, nyumbani anaongeza Panadol kwa sababu kichwa kinauma, anaongeza diclofenac iliyobaki ya mwezi uliopita, kwa siku amemeza paracetamol mara mbili na diclofenac mara mbili na hajui. Geuza nyuma ya kipakiti, soma yale majina madogo, jina kubwa la mbele ni la biashara tu. Chlorzoxazone yenyewe mara chache inaumiza ini vibaya, kwa hiyo ukiona macho yanakuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, unajisikia kutapika na hamu ya kula imekata, acha na uende hospitali. Inaweza pia kubadilisha mkojo ukawa wa rangi ya chungwa au mwekundu mwekundu bila ubaya wowote, na methocarbamol inaweza kuufanya wa kahawia au kijani, nasema hivi ili mtu asikimbie kijijini akidhani amerogwa. Ila rangi pamoja na macho ya njano hiyo ni habari nyingine.

Kwa wengine mnaosoma, haraka haraka. Kama mna mzazi aliyepata kiharusi na miguu inakakamaa, akawa anatumia baclofen, hiyo ndiyo isiyoachwa ghafla hata siku mbili. Akiishiwa anaweza kupata degedege, kuona vitu, homa kali na misuli kukaza kuliko mwanzo. Hakikisha mnanunua nyingine kabla ya kidonge cha mwisho, hasa mkisafiri. Na baclofen inatoka kwa njia ya figo, mzee mwenye figo mbovu akipewa dozi ya kawaida anaweza kulala siku nzima asiamke vizuri, watu wanadhani kiharusi kimerudi kumbe ni dawa. Wazee kwa ujumla dawa za misuli nyingi hazifai, wanaanguka wanavunja nyonga, wanachanganyikiwa, baba mwenye tezi dume anashindwa kukojoa akipewa orphenadrine. Mwenye glakoma, yaani presha ya macho, hiyo orphenadrine asipewe. Cyclobenzaprine haifai kwa mtu mwenye moyo unaoruka mapigo au moyo uliofeli. Thiocolchicoside, nayo ni dawa ya kulegeza misuli, mjamzito asiiguse, anayenyonyesha asiiguse, na mama anayeweza kushika mimba asiitumie bila uzazi wa mpango wa uhakika, Ulaya wameiwekea mwisho wa siku 7 kwa vidonge.

Sasa mkojo wako, hili nililiacha kwa makusudi. Mwanaume wa miaka 46 mkojo kuchoma sio kitu cha kupewa cipro dukani bila kupima. Inaweza kuwa tezi dume imepata maambukizi, inaweza kuwa ugonjwa wa zinaa, na hapa sikuhukumu, ni kwamba kisonono siku hizi cipro haikiwezi sehemu nyingi. Inaweza kuwa mawe. Inaweza pia kuwa maambukizi yamepanda mpaka kwenye figo na hayo maumivu ya mgongo unayoyasema ya turubai sehemu yake ni figo. Nenda leo au kesho asubuhi, upimwe mkojo, ikiwezekana uoteshwe maabara ili vijidudu vijulikane, na uulizie na kipimo cha figo kwa ajili ya hiyo diclofenac. Mpaka umeonwa endelea na cipro, usiikate katikati kwa uamuzi wako, ukishaacha tizanidine cipro peke yake haikuangushi. Daktari akiona inafaa kubadilisha atabadilisha, kuna antibayotiki nyingine ambazo hazigombani na tizanidine. Ukiwa kwenye cipro ukisikia maumivu nyuma ya kisigino, kwenye ule mshipa mnene, usijilazimishe kutembea nao, sema haraka.

Usingoje kupangiwa siku, nenda dharura usiku huohuo ukiona hivi: unashindwa kukojoa au unakutoka bila kujua, ganzi imekaa kati ya mapaja na makalio, mguu mmoja au yote inaishiwa nguvu, homa na kutetemeka pamoja na maumivu ya ubavuni, au umezimia tena. Hayo mawili ya kwanza ni ya mishipa ya fahamu iliyobanwa chini ya uti wa mgongo na kila saa inayopita ina maana. Na kama mgongo umekuuma wiki na wiki na unakonda, unatoka jasho usiku, kohozi halikauki, omba wakuangalie TB ya mifupa, kwetu ipo na inajificha kwenye "mgongo wa kawaida" muda mrefu.

Ukienda beba vipakiti vyote mfukoni, na kile cha cipro, na kile cha presha, na kama ulimeza cha rafiki yako useme. Usiseme "natumia kidonge cheupe kidogo", karibu vyote ni vyeupe na vidogo. Waambie maneno haya: nilikuwa kwenye tizanidine na cipro kwa pamoja nikaanguka, natumia amlodipine. Omba waiandike kwenye daftari lako au kadi, ili mwakani ukipata UTI tena huko Mbeya mtu asirudie.

Jumatatu usipakie. Mwambie tajiri una cheti, na cheti hicho daktari atakuandikia bila shida akisikia umeanguka kwa presha kushuka, hiyo ni sababu halali kuliko mgongo. Ukipita siku mbili bila tizanidine, presha imetulia, unasimama bila kuyumba na mgongo unakuruhusu kukanyaga breki mpaka mwisho bila kusita, hapo ongea na daktari kuhusu kurudi barabarani. Vidonge vya tizanidine vilivyobaki usimpe tanboi akiumwa shingo, vipeleke hospitali ulikopewa au famasi uwaombe wakuteketezee, na kama daktari atasema uvihifadhi kwa baadaye, viweke mbali na watoto na uandike kwa kalamu juu ya boksi: SIO NA CIPRO.